Kidole Kinapoondoka: Kasi ya Kuachia Noti katika Studio za Eastlands

Kasi ya kuachia ni namba inayoeleza kidole kimeondoka kwenye kitufe cha kinanda kwa haraka kiasi gani. Mwenzake ni kasi ya kubonyeza, ile ambayo kila prodyuza wa Umoja, Kayole au Buruburu anaitegemea ili noti moja ilie kwa nguvu na nyingine isikike kwa upole. Kanuni za MIDI, lugha ambayo ala za kielektroniki na kompyuta hutumia kuwasiliana, zilizochapishwa mwaka 1983 ziliziwekea nafasi kasi zote mbili, kila moja kuanzia 0 hadi 127. Wakati huohuo kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani ilikuwa na Prophet T8, sintesaiza iliyopima kubonyeza na kuachia pia. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado wapigaji wengi hodari hawajawahi kuitumia namba hii ya pili hata mara moja.

Hiyo ni hasara, hasa katika muziki unaotengenezwa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha yake iko mwishoni mwa noti. Gitaa la benga, lililoiga udonoaji wa nyuzi za nyatiti, hupigwa kwa noti fupi zinazokatwa kabla hazijalegea. Kodiani ya mwomboko hunyamaza pale kitufe kinapofunga tundu la hewa, na kitufe kikirudi taratibu sauti hufifia badala ya kukatika. Anayejifunza fidla, kama vijana wa Ghetto Classics kule Korogocho, anajua kuwa upinde unaoinuliwa huku ukiendelea kusogea huacha uzi uvume, na upinde unaosimama juu ya uzi huua sauti papo hapo. Katika sintesaiza ya kompyuta miisho yote hiyo huwa sawa, isipokuwa mpigaji ameipa programu njia ya kutofautisha. Kasi ya kuachia ndiyo njia hiyo, na haihitaji mkono wa ziada wala gurudumu: kidole lazima kiinuke kwa vyovyote.

Kinanda cha kawaida hupima kasi kwa swichi mbili zilizo chini ya kila kitufe. Kitufe kikishuka, swichi moja hugusa kwanza, kisha ya pili, na muda unaopita katikati hugeuzwa kuwa namba. Kikipanda, mpangilio unageuka, na safari ya kurudi inaweza kupimwa kwa swichi zilezile. Kwa hiyo mara nyingi kinachokosekana katika vinanda vya bei nafuu si kifaa chochote cha ziada. Ni programu ya ndani ya kinanda ambayo haikuandikwa ipime kurudi kwa kitufe.

Sababu ya uzembe huo ina historia yake. Kila noti inapowashwa, baiti tatu hutumwa: ya kwanza inataja tukio na chaneli, ya pili noti, ya tatu kasi. Kuzima noti nako kunachukua baiti tatu. Waya wa asili wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, hivyo ujumbe mmoja huchukua karibu milisekunde moja, na kodi ya vidole kumi, yaani noti kumi zinazopigwa pamoja, huanza kuchelewa kusikika. Ndipo kanuni zikaruhusu njia ya mkato: noti iliyowashwa kwa kasi ya 0 ihesabiwe kuwa imezimwa. Tukio linabaki la aina moja, baiti ya kwanza hairudiwi, na waya unapata nafuu. Lakini pale palipostahili kukaa kasi ya kuachia sasa pana sifuri, na programu inayopokea hulazimika kujaza namba ya katikati, 64. Kwenye USB msongamano huo haupo tena. Mazoea ndiyo yaliyobaki. MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2020, imeiondoa njia hiyo ya mkato na kuzipa kasi zote mbili upana wa biti 16, ila vinanda vinavyoitumia kikamilifu bado ni vichache.

Basi hatua ya kwanza kwa mwenye kinanda ni kujua kinatuma nini, na jambo hili halikisiwi kwa kusikiliza. Zipo programu ndogo za bure zinazoonyesha kila ujumbe wa MIDI unavyoingia: MIDI-OX kwenye Windows, MIDI Monitor kwenye Mac, na aseqdump kwenye Linux. Kinanda kikishachomekwa, noti moja ibonyezwe na kuachiwa kwa namna tofauti: mara kidole kichomolewe ghafla, mara kiinuliwe taratibu. Macho yawe kwenye ujumbe wa kuzima. Namba zikibadilika kutoka 20 hadi 90 au zaidi, kinanda kinapima. Zikiwa 64 daima, au 0 daima, au ikiwa noti inazimwa kwa ule ujumbe wa kuwasha wenye kasi ya 0, kinanda hakipimi, na hakuna mpangilio wowote ndani ya kompyuta utakaokipa uwezo huo. Anayenunua kinanda cha mtumba, au anayetembea duka hadi duka Luthuli Avenue, afanye jaribio hili kwa kompyuta yake mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Maelezo ya kwenye boksi yanayosema kinanda kinahisi kasi karibu kila mara yanazungumzia kubonyeza peke yake.

Jaribio hilo pia hufichua ubovu. Swichi za vinanda vingi ni vipande vya mpira vyenye kaboni, na vumbi la mitaa hii huingia ndani bila kubisha hodi. Kitufe kimoja kinachotoa 127 kila kikiguswa, au kinachoruka noti, kwa kawaida kina mgusano mchafu na si ishara ya kinanda kufa. Fundi mzuri wa vifaa vya elektroniki hukifungua, akatoa ule ukanda wa mpira, akasafisha kaboni na bodi kwa spiriti safi ya isopropili, akarudisha. Kasi zote mbili hunufaika, kwa sababu zinasomwa na swichi zilezile.

Kinanda kikishathibitika kuwa kinatuma, bado namba ina vituo viwili vya kupita. Programu ya kurekodia lazima iihifadhi, na sintesaiza lazima iisome. FL Studio, inayotumika katika vyumba vingi vya kurekodia mjini, ina mstari wa kasi ya kuachia chini ya ukurasa wa kuchorea noti, pamoja na mistari ya kasi ya kubonyeza na ya kuelekeza sauti kushoto au kulia. Reaper nayo inao, na kwa prodyuza anayeanza hiyo ni programu ya kufikiriwa kwa uzito kwa kuwa leseni yake ya kawaida ya matumizi madogo imekuwa dola 60 kwa miaka mingi. Ableton Live, Cubase na Logic Pro huihifadhi pia. Hata hivyo njia ya uhakika ni kurekodi noti chache, kufungua mstari huo, na kuona kama nguzo zake zina urefu tofauti. Zikiwa sawa zote ilhali kinanda kilionyesha tofauti, namba imepotea njiani, na pa kutazama ni mipangilio ya mlango wa kuingizia MIDI au kifaa cha katikati kinachochuja ujumbe.

Kwa upande wa sintesaiza, bahati ni kwamba mbili kati ya zile bora kwa kazi hii zinapatikana bila malipo. Vital, iliyotoka mwaka 2020, ina toleo la bure, na kati ya vyanzo vyake vya modulesheni, yaani namba zinazoweza kuibadilisha sauti, kuna kimoja kinachoitwa Lift: ndicho kasi ya kuachia. Surge XT, ambayo msimbo wake uko wazi kwa umma tangu mwaka 2018, nayo huitoa kama chanzo cha modulesheni. Kwa sauti za piano, Pianoteq haitumii sampuli, yaani noti zilizorekodiwa. Hukokotoa mwenendo wa nyuzi na vizuizi vyake, na ina mchoro maalumu wa kurekebisha mwitikio kwa kasi ya kuachia. Piano nyingi za sampuli, kwa upande mwingine, huipuuza kabisa.

Sasa liko jambo ambalo likieleweka, mengine yote huwa mepesi. Kasi ya kuachia haijulikani mpaka noti iachwe. Muda wote kidole kikiwa chini, sintesaiza haina namba ya kutumia. Hushika sifuri au thamani nyingine ya kungojea. Kwa hiyo mtu akiifunga kasi ya kuachia kwenye filta iliyokwisha kufunguka, sauti itaruka ghafla wakati kidole kinapoinuka. Mara chache mruko huo hupendeza. Mara nyingi husikika kama kasoro. Mahali panapoifaa ni pale ambapo athari yake huanza baada ya kuachia: urefu wa mkia, yaani sauti inayobaki noti ikishaachwa, ukubwa wa kelele ndogo ya mwisho, kama kitufe kinaporudi au kidole kinapotoka kwenye uzi, mteremko mdogo wa sauti unaoanzia pale pale, au kiasi cha mwangwi unachopewa huo mkia peke yake.

Mkia ndio wa kuanza nao. Mwelekeo wa kawaida ni kinyume: kuachia haraka kufupishe mkia, kuachia taratibu kuurefushe. Hivi ndivyo ala halisi zinavyotenda, na kidole hukubali bila kufundishwa. Katika Vital, Lift huvutwa hadi kwenye kirungu cha mkia cha umbo la kwanza la sauti (mpangilio wa jinsi noti inavyoanza, inavyodumu na inavyofifia), kisha kiwango chake huwekwa upande wa hasi. Mkia wa msingi uwe mrefu, tuseme robo tatu ya sekunde, na kuachia kwa kasi kubwa kuupunguze hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Baada ya hapo masikio ndiyo yaamue, kwa kupiga kipande kinachojulikana na si noti moja moja.

Hapa lazima tabia ya vitufe izingatiwe. Kinanda chepesi chenye springi hurudisha kitufe chenyewe mara kidole kinapokiacha. Mpigaji hawezi kukifanya kipande haraka kuliko springi inavyotaka. Anachoweza ni kukizuia kisipande haraka. Ndiyo maana namba za kuachia hurundikana juu, na uwezo wote wa kudhibiti uko upande wa taratibu. Mchoro wa mwitikio ukiwa mstari ulionyooka, sehemu kubwa ya nusu ya chini haitaguswa katika upigaji wa kawaida. Suluhisho ni kuutazama mstari wa namba zilizorekodiwa, kuona zinakaa wapi hasa, na kuukunja mchoro ili eneo hilo lijaze safari nzima. Kama namba za mpigaji zinakaa kati ya 50 na 110, basi 50 ndiyo iwe mkia mrefu kabisa, na 110 mkia mfupi kabisa. Kazi hii hufanywa mara moja kwa kila kinanda, na ndiyo inayotenganisha chombo kinachomtii mpigaji na kile kinachomchosha.

Kontrola zilizoundwa kwa ajili ya hisia ya kidole hazina springi hiyo. Seaboard ya ROLI, yenye uso wa mpira laini, inahesabu miguso mitano, na mguso wa kuinua kidole ni mmojawapo. LinnStrument, iliyobuniwa na Roger Linn na kuuzwa tangu mwaka 2014, husoma shinikizo la kila kidole na kutuma kasi ya kuachia. Katika vyombo hivyo kuondoka kwa kidole ni shinikizo linaloshuka, na mpigaji anaweza kulishusha atakavyo, kwa hiyo namba hutawanyika vizuri zaidi. Vyombo hivi hutumia MPE, utaratibu uliokubaliwa rasmi mwaka 2018, unaoipa kila noti chaneli yake ili kila kidole kiwe na mpindo na shinikizo lake. Wengi hudhani kwamba bila MPE hakuna kasi ya kuachia. Si kweli. Namba hiyo husafiri ndani ya ujumbe wa noti yenyewe, na kinanda cha chaneli moja kinaitoa sawasawa kikiwa na uwezo. Kununua kontrola ya gharama kubwa kwa sababu hii peke yake hakufai.

Hata hivyo, anayeimiliki ana la kuangalia. Eneo moja la MPE lina hadi chaneli 15 za noti. Mikia ikiwa mirefu sana, chaneli ya noti iliyoachwa hupewa noti mpya wakati mkia wa zamani bado unalia, na katika baadhi ya sintesaiza mpindo wa kidole kipya huuvuta mkia huo pamoja nao. Sauti ya juu inayoteleza ghafla bila sababu katikati ya kodi kwa kawaida imetoka hapo. Mikia ifupishwe, au idadi ya chaneli iongezwe kama ilikuwa imepunguzwa.

Kwa mitindo ya nyumbani, sauti ya kudonoa ndiyo inayolipa mapema zaidi. Mpigaji anayetafuta gitaa la benga kwa sintesaiza huweka mwanzo mkali, mteremko wa haraka, na mkia unaotawaliwa na kuachia kama ilivyoelezwa. Kisha huongeza kelele fupi sana, isiyofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, inayolia pale tu kidole kinapochomolewa kwa kasi. Kelele hiyo iwe ya chini kiasi kwamba ikizimwa ndipo kukosekana kwake kunasikika. Mstari wa gitaa wa mapigo ya haraka utapata kupumua: noti za katikati zinakatwa, ya mwisho wa sentensi inaachwa ivume. Kwa kodiani, mkia mfupi unatosha, na kasi ya kuachia ipewe mkia wa umbo la pili linaloendesha filta, sehemu inayoanza kufanya kazi noti inapoachwa, ili sauti izibe inapofifia kama tundu la hewa linalofungwa.

Besi inahitaji mkono wa kubana. Midundo ya genge na gengetone husikilizwa kwenye matatu yenye spika kubwa kuliko chumba ilipotengenezwa, na mkia wa besi unaovuka hadi kwenye ngoma ya teke huufanya mdundo mzima kuwa tope. Safari nzima ya mkia wa besi iwe kati ya milisekunde 40 na 150. Hata ndani ya nafasi hiyo ndogo tofauti inasikika, kwa kuwa ukimya ulio kati ya noti mbili za besi ndio unaomfanya msikilizaji atikise kichwa.

Wapigaji wa kanisani wanakabiliwa na kizuizi kingine: pedali. Makanisa mengi ya Kayole, Donholm na Umoja huwa na kinanda kinachopiga nyuzi na piano chini ya maombi, na mguu hukaa kwenye pedali tangu wimbo unapoanza. Pedali ikiwa chini, ujumbe wa kuzima noti hufika lakini sauti huendelea kushikiliwa. Mkia unaanza mguu unapoinuka, na kuondoka kwa kidole hakusikiki. Anayetaka kunufaika na kasi ya kuachia aiache pedali na kuruhusu vidole vifanye kazi hiyo: kodi inainuliwa taratibu ili ifunikwe na ifuatayo, au inainuliwa ghafla kiongozi anaponyamaza. Hali kadhalika sauti za noti moja zilizounganishwa, ambapo noti mpya huirithi ya zamani bila kuanza upya, hutumia kuachia kwa noti ya mwisho peke yake.

Mikia mirefu hugharimu kompyuta pia. Kila mkia unaolia ni sauti moja zaidi ya kukokotoa, na kompyuta ya zamani huanza kukwaruza. Kuwekea sintesaiza kikomo cha sauti 12 au 16 hutosha kwa kazi nyingi, na mistari iliyokamilika igeuzwe kuwa sauti iliyorekodiwa ili mzigo upungue. Kusikiliza nako kunahitaji hedifoni zilizofungwa. Mkia ni sehemu ya chini kabisa ya noti, na katika chumba kilicho karibu na Jogoo Road au Outer Ring Road, honi na injini huumeza kabla haujafika sikioni. Mikia iliyopangwa kwa spika katikati ya kelele hiyo karibu kila mara huwa mirefu kupita kiasi.

Mwenye kinanda kisichopima hajafungiwa nje. Namba zinaweza kuchorwa kwa kipanya katika mstari uleule wa FL Studio au Reaper, na kwa muziki uliokwisha kujengwa noti kwa noti huenda njia hii ikawa bora. Kinachoharibu ni kuchora nasibu. Sentensi ya muziki isikilizwe kwanza, noti inayoimalizia ipewe namba ya chini, zilizo njiani zipewe za juu, na zinazorudiwa zipewe tofauti ndogo. Noti nne au tano zilizochorwa kwa makini katika kila mstari zinatosha. Zilizobaki zikae 64.

Hiyo 64 ina umuhimu wake wakati kazi inapohama kutoka chumba hadi chumba, kama inavyotokea kila siku kati ya prodyuza wa Dandora na mwenzake wa Komarock. Sauti ipangwe ili ikipokea 64 iwe nzuri tayari, si ndefu mno wala si kavu. Mwenzake atakayeipiga kwa kinanda cha kawaida atapata chombo kamili, na mwenye kontrola nzuri atapata nafasi ya kwenda pande zote mbili. Faili la MIDI linalobebwa kwenye flashi linaweza kuhifadhi kasi ya kuachia, lakini baadhi ya programu huandika ule ujumbe wa kasi ya 0 zinapolitoa, na kila kilichochorwa hufutika kimyakimya. Faili lifunguliwe tena katika mradi mtupu na mstari uangaliwe kabla halijaondoka, na nakala ya sauti ya kila mstari iwekwe kando yake kwenye flashi hiyohiyo.